John Hope Franklin: mwanahistoria aliyekabidhiwa funguo za ghala ili Wazungu wasimhudumie

Mzee wa Makabrasha
Wakuu, habari za Jumapili. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Mwaka 1939 kijana mweusi wa miaka 24 aliingia kwenye jengo la hifadhi ya nyaraka za jimbo la Carolina Kaskazini, mjini Raleigh. Alikuwa mwanafunzi wa Harvard, anaandika tasnifu ya uzamivu kuhusu watu weusi waliokuwa huru jimboni humo kabla utumwa haujakomeshwa. Nyaraka anazozitaka zimo humo. Mkurugenzi akamweleza kwa upole kabisa kwamba waliochora ramani ya jengo hawakuwaza kuwa ipo siku mtu mweusi atakuja kufanya utafiti, kwa hiyo hakuna pa kumkalisha. Ampe wiki moja atafute namna. Kijana hakujibu kitu, akabaki anamtazama. Mkurugenzi akaanza kujipunguzia mwenyewe: basi, njoo Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Alhamisi akakuta ametengewa kachumba kenye meza moja na kiti kimoja. Halafu akakabidhiwa funguo za ghala la nyaraka. Sababu? Wahudumu walikuwa Wazungu, na kwa desturi ya Kusini haikufaa Mzungu ambebee mtu mweusi mafaili. Ajichotee mwenyewe.

Aliyewahi kufanya utafiti atanielewa. Mimi enzi za chuo nilikwenda ofisi fulani kutafuta majalada ya zamani ya wilaya yetu, siku tatu mfululizo naambiwa mwenye ufunguo kaenda msibani. Huyu bwana kapewa ghala zima.

Hazikupita wiki mbili, watafiti Wazungu wakaja juu: huu ni ubaguzi, kwa nini yeye ana funguo na sisi hatuna? Mkurugenzi akaona kuliko kuwapa wote, bora amnyang'anye yule mmoja na kuwaamuru wahudumu wamletee nyaraka kama wanavyowaletea wengine. Ubaguzi ukajikwaa kwenye kamba yake wenyewe. Kachumba kale kakabaki kuwa ofisi yake kwa miaka minne.

Kijana huyo ndiye John Hope Franklin. Natafuta chai, narudi.

Dada wa Pangani
Mbavu zangu jamani. "Huu ni ubaguzi"! Naweka kambi hapa.

Kipepeo Mweusi
Shusha nondo mkuu. Ila anza na ukoo, usituruke.

Mzee wa Makabrasha
Haya, ukoo.

Alizaliwa tarehe 2 Januari 1915 Rentiesville, Oklahoma, kijiji cha watu weusi watupu. Mama yake, Mollie, mwalimu. Baba yake, Buck Colbert Franklin, mwanasheria. Jina la John Hope alipewa kwa heshima ya mwalimu aliyewafundisha wazazi wake chuoni.

Akiwa na miaka kama sita hivi alipanda treni na mama yake na dada yake. Treni za vijijini zilisimama kidogo tu, ukakwea behewa lililo mbele yako. Lililokuwa mbele yao likawa la Wazungu. Kondakta akawaambia wahame. Mama akakataa kuhamisha watoto treni ikiwa mwendoni. Treni ikasimamishwa, wakashushwa porini, wakaanza kutembea kurudi nyumbani. Mtoto analia. Mama akamwambia asipoteze nguvu zake kulia, hakuna mtu kwenye lile behewa aliye bora kuliko yeye, nguvu hizo azitumie kulithibitisha hilo. Franklin alikisimulia kisa hiki mpaka uzeeni, na ukisoma maisha yake unaona alikichukulia kama amri halali ya mzazi.

Mwaka huohuo wa 1921 baba alikuwa ametangulia Tulsa kufungua ofisi, familia ingemfuata kiangazi. Tarehe 31 Mei na 1 Juni genge la Wazungu likauvamia mtaa wa Greenwood, ambako watu weusi walikuwa na maduka, mahoteli, zahanati, magazeti yao. Eneo la vitalu 35 likateketezwa. Waliokufa wanakadiriwa kufika 300. Ofisi ya baba ikaungua na kila kitu. Kule Rentiesville walikaa siku kadhaa hawajui kama yu hai.

Alikuwa hai. Akasimamisha hema, akaweka mashine ya kupigia chapa na vitabu vya sheria, akaendelea na kazi. Picha ya ile ofisi ya hema ipo mpaka leo, wanaume wawili wamevaa suti na katibu wao, kama vile wako ghorofani. Halmashauri ya mji ikatunga sheria ndogo ya tahadhari ya moto, kwamba anayejenga upya Greenwood atumie vifaa visivyoungua. Ukiisikia ni ya busara. Maana yake ilikuwa maskini aliyechomewa nyumba ashindwe kujenga, kiwanja kichukuliwe. Baba Franklin na wenzake wakaipinga mahakamani wakashinda. Familia haikuungana Tulsa mpaka 1925, miaka minne nzima.

Msomi wa Stendi
Kwa hiyo mtoto wa wakili. Si maskini huyo.

Mzee wa Makabrasha
Wakili wa wateja waliochomewa nyumba, mkuu. Hesabu mwenyewe ada aliyolipwa.

Akaenda chuo cha Fisk, Nashville, nia ni sheria kama baba. Huko akakutana na mwalimu wa historia, Mzungu, Theodore Currier. Vipindi vya huyo bwana vikamvuruga mipango yote, sheria akaiacha. Akamaliza 1935, Harvard wakamkubali, lakini ni miaka ya mdororo wa uchumi na nyumbani hakuna kitu. Currier akasema fedha haitamzuia huyu kijana kwenda Harvard. Akaenda benki, akakopa dola 500 kwa jina lake mwenyewe, akampa. Sijui nyie mlikuwa na walimu wa namna gani. Mimi wa kwangu alinikopa mimi.

Uzamili akaumaliza 1936, uzamivu 1941. Katikati akamwoa Aurelia Whittington, mkutubi, waliyesoma naye Fisk. Waliishi pamoja kuanzia 1940 mpaka mama huyo alipofariki 1999.

Marekani ilipoingia Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la wanamaji likatangaza linahitaji watu wa kuendesha ofisi. Franklin akajitokeza: najua kupiga chapa, najua hati mkato, najua kuendesha mashine za ofisini, nina shahada ya uzamivu ya Harvard. Ofisa akamwambia una kila kitu isipokuwa rangi. Akaondoka, na akafikia uamuzi kwamba nchi inayomjibu hivyo haistahili utumishi wake. Miaka yote ya vita hakuvaa gwanda.

Dada wa Pangani
Na kazi ya ualimu alianzia wapi? Maana wengine tunataka ratiba.

Mzee wa Makabrasha
Ratiba haraka haraka: vyuo vya watu weusi kwanza, Fisk, Raleigh na Durham, halafu Howard mjini Washington kuanzia 1947. Mwaka 1956 Brooklyn College, New York, ikamchukua awe mkuu wa idara ya historia, na mtu mweusi hakuwahi kushika nafasi hiyo katika chuo chenye Wazungu wengi. Gazeti la New York Times likamweka ukurasa wa kwanza. Chuo Kikuu cha Chicago 1964 hadi 1982. Kisha Duke, Carolina Kaskazini, ambako baadaye alifundisha hata kwenye kitivo cha sheria. Nadhani marehemu baba yake angetabasamu.

Ila hapo Brooklyn tusimame. Picha yako iko ukurasa wa kwanza wa gazeti kubwa la nchi, unatafuta nyumba karibu na kazini, na madalali hawataki kukuonyesha. Ukiipata mwenyewe, wakopeshaji wanakukwepa. Alihangaika zaidi ya mwaka, na mkopo ulipatikana kwa kujuana, wakili wake alikuwa na mtu wa kumshika mkono.

Kipepeo Mweusi
Vitabu je? Maana profesa bila kitabu ni kama bodaboda bila mafuta.

Mzee wa Makabrasha
Kikubwa ni From Slavery to Freedom, 1947. Historia ya watu weusi wa Marekani kuanzia Afrika, utumwa, mpaka wakati ule. Kimechapwa toleo baada ya toleo na nakala zaidi ya milioni tatu zimeuzwa. Kilipotoka, vyuo vingi vya Kimarekani vilikuwa vinafundisha historia ya nchi ambayo mtu mweusi anaonekana kwa bahati mbaya tu, amebeba mzigo nyuma ya picha. Yeye hakuandika kwa kufoka. Aliweka hati za mauzo, daftari za kodi, kumbukumbu za mahakama, barua. Unabishana na nani hapo?

Na nyaraka zenyewe alizipata kwa taabu. Mwaka 1945 alikwenda Louisiana ambako watu weusi hawakuruhusiwa kabisa kwenye hifadhi. Mkuu wa pale akamwambia wiki fulani tutafunga kusherehekea ushindi wa vita, njoo wiki hiyo. Kwa hiyo wenzake wako mtaani wanashangilia uhuru kuushinda ufashisti, yeye yuko peke yake ndani ya jengo lililofungwa, anasoma.

Jambo jingine, hakupenda kuitwa mwanahistoria wa watu weusi. Alisema anafundisha historia ya Kusini, weusi na weupe pamoja, kwa sababu huwezi kumwelewa mmoja ukimwacha mwingine. Kitabu chake cha 1956, The Militant South, kinawahusu zaidi Wazungu wa Kusini na tabia yao ya kupenda silaha na ugomvi.

Msomi wa Stendi
Mzee samahani, mimi huyu namuona mpole kupita kiasi. Anapewa kachumba anakaa. Anaingizwa kinyemela wiki ya sikukuu anaingia. Du Bois, yule mwanahistoria mweusi mkali, angegeuza meza. Na mwisho wa siku Clinton anamvisha medali. Hao ndio wazee wanaopendwa na serikali.

Dada wa Pangani
Msomi, ukigeuza meza utaandikia wapi?

Mzee wa Makabrasha
Hoja ya Msomi siidharau, hata yeye aliambiwa hivyo enzi zake. Tuangalie upole huo ulifanya nini.

Mwaka 1953 mawakili waliokuwa chini ya wakili mweusi Thurgood Marshall walikuwa na kesi Mahakama ya Juu, kupinga shule za kibaguzi. Majaji wakauliza swali la kihistoria: waliopitisha Marekebisho ya 14 ya Katiba mwaka 1868 walikusudia nini kuhusu shule? Wakili hawezi kulijibu peke yake, anahitaji watu wa makabrasha. Franklin akawa mmojawapo. Kila wiki akimaliza vipindi Howard anapanda treni kwenda New York, anachambua kumbukumbu za Bunge mpaka mwisho wa wiki, anarudi darasani. Tarehe 17 Mei 1954 hukumu ikatoka kwa sauti moja, ubaguzi shuleni ni kinyume cha katiba.

Mwaka 1965 alikuwa kwenye maandamano ya kudai haki ya kupiga kura, ya kuingia Montgomery, Alabama, pamoja na wanahistoria wengine. Vyama vya taaluma ambavyo zamani vilihangaika atalala wapi na atakula wapi akija kusoma mada (kile cha Kusini, mwaka 1949, hilo lilikuwa suala zito kabisa) baadaye vikamchagua rais wao: cha Kusini kwanza, kisha cha wanahistoria wa Marekani, na mwaka 1979 chama kikuu cha wanahistoria nchini humo.

Kuhusu medali ya Clinton, sikiliza. Ilikuwa 1995, ana miaka 80. Usiku wa kuamkia sherehe aliwaalika rafiki zake chakula cha jioni kwenye klabu moja ya heshima Washington, Cosmos Club, ambayo yeye ni mwanachama tangu 1962. Anashuka ngazi kwenda kuwapokea wageni, mama mmoja wa Kizungu anamkabidhi kikaratasi: niletee koti langu. Akamjibu kwamba wahudumu wa klabu wote wamevaa sare, ampe mmojawao. Akaendelea kushuka ngazi. Kesho yake Ikulu.

Wewe unaona mpole. Mimi naona yule mtoto aliyeshushwa porini.

Msomi wa Stendi
Sawa, hapo kwenye koti umenipata. Na Tulsa? Alinyamaza?

Mzee wa Makabrasha
Hapana. Hapo ndipo upole uliisha. Waathirika walipofungua kesi ya fidia naye alikuwemo miongoni mwa wadai. Mahakama za chini zikasema muda umepita, na 2005 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza. Mwaka 2007, akiwa na miaka 92, akaenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Hoja ya muda kupita inachekesha ukikumbuka mji wenyewe ulivyokaa miongo mingi haufundishi tukio hilo hata shuleni.

Alifariki Durham tarehe 25 Machi 2009, miaka 94. Kuna kitu hakukishuhudia kikitoka hadharani. Mwaka 2015 yalipatikana maandishi ya baba yake ya mwaka 1931, kurasa kumi zilizopigwa chapa, akieleza alichokiona kwa macho yake Greenwood: ndege zinazunguka juu, majengo yanaanza kuwaka kuanzia paani. Leo yako kwenye makumbusho ya historia ya Wamarekani weusi mjini Washington.

Mwana wa Boyoma
Salamu kwenu wote. Mimi ni wa Kisangani, niko nasoma kimya tangu asubuhi. Mzee, huyu si ndiye aliandika juu ya yule Mwamerika mweusi aliyekuja kwetu wakati wa mfalme Leopold wa Ubelgiji? Mwalimu wetu alimtaja mara moja tu, akapita.

Mzee wa Makabrasha
Ndiye! Nilikuwa nasubiri mtu auguse mlango huu.

Mwaka 1945, akiandaa kile kitabu kikubwa, Franklin alikuta rafuni juzuu mbili za historia ya watu weusi wa Marekani zilizochapwa 1882 na 1883. Mwandishi George Washington Williams. Akashangaa: kazi kubwa hivi na mtu mwenyewe hafahamiki? Akaanza kumfuatilia. Wasifu wa Williams aliuchapisha 1985. Miaka arobaini, wakuu, na katikati kaandika vitabu vingine, kalea mtoto, kaongoza idara mbili.

Williams alizaliwa 1849 Pennsylvania. Akatoroka nyumbani na miaka 14 kwenda kupigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Baadaye mchungaji, mwandishi wa magazeti, mwanasheria, mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika bunge la jimbo la Ohio. Mwaka 1889 akaonana na Leopold ana kwa ana, akavutiwa naye. Akaja Kongo 1890 akidhani atapata mahali pa Wamarekani weusi kufanya kazi za maana. Akapanda mto mpaka Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Kiswahili kilishafika hapo kabla yake. Liwali aliyeteuliwa na Leopold mwaka 1887 alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip wetu wa Unguja.

Hapo ndipo Williams alipoandika barua ya wazi kwa mfalme, Julai 1890. Siyo matusi, ni mashtaka yaliyopangwa moja moja kama ya wakili. Anaeleza jinsi machifu walivyolaghaiwa wasaini ardhi yao: Mzungu anafunga betri za umeme mkononi chini ya koti, utepe uliounganishwa nazo unapita kiganjani, anampa chifu mkono wa salamu. Chifu anarushwa, anaambiwa ndivyo ndugu zako weupe walivyo na nguvu. Au wanawasha sigara kwa kioo cha kukuza na kusema jua linawatii. Vijiji vinatolewa kwa makasha machache ya jini. Kwenye barua nyingine kwa serikali ya Marekani mwaka huohuo akatumia maneno "uhalifu dhidi ya ubinadamu", miaka hamsini na zaidi kabla ya kesi za Wanazi kule Nuremberg.

Hakufika nyumbani. Alifia Blackpool, Uingereza, tarehe 2 Agosti 1891, miaka 41. Akazikwa bila hata jiwe.

Franklin alimfuata mpaka huko. Akalitafuta kaburi, akalipata, na mwaka 1975 akaweka jiwe.

Mwana wa Boyoma
Asante sana mzee. Hapa kwetu wavuvi wa Wagenia bado wako wanatega vikapu vyao kwenye maporomoko palepale. Jiwe limeandikwa nini?

Mzee wa Makabrasha
Jina. Chini yake "mwanahistoria Mwafrika-Mmarekani", halafu 1849–1891.

Mwana wa Boyoma
Na barua?

Mzee wa Makabrasha
Haimo kwenye jiwe. Imo kwenye kile kitabu cha 1985, mwishoni, neno kwa neno. Kesho nikitoka kazini naitafsiri niiweke hapa, ikiwa mods hawatanifungia kwa urefu.